Sanduku la Maswali: Samaki Anayekamuliwa Mayai

Mwezi huu nimepokea barua tatu kutoka sehemu tofauti za pwani yetu, na zote zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: je, mtu akiyashika mayai ya kiumbe wa majini kwa nia ya kukiongeza kizazi chake, anakisaidia au anakiharibu? Nimeziweka pamoja, na nimejibu kwa urefu kuliko ilivyo desturi ya ukurasa huu, kwa kuwa jambo lenyewe linagusa riziki ya nyumba nyingi kuanzia Malindi hadi Kiunga.

SWALI: Assalaam alaykum, Mwalimu. Mwaka huu nilijaaliwa kwenda kumtazama binti yangu, ambaye anaishi na mumewe kaskazini mwa jimbo la Minnesota, Marekani. Mwishoni mwa Aprili, barafu ikiwa ndiyo kwanza imeondoka, mkwe wangu alitupeleka kwenye Mto Pike, karibu na mji mdogo wa Tower, mahali mto huo unapoingia Ziwa Vermilion. Tulikuta watu wengi wamesimama ukingoni, wakiwamo wanafunzi na walimu wao, na watumishi wa idara ya maliasili wamevaa suruali za mpira zinazofika kifuani. Walikuwa wakimwinua samaki mmoja baada ya mwingine na kumbana tumbo juu ya beseni, na mayai yakimwagika laini na mang'avu kama sagu iliyoiva. Kisha wakamleta dume, naye wakambana vivyo hivyo. Mmoja wao akachukua unyoya wa ndege akakoroga, na baadaye wakatia maji ya udongo. Samaki wenyewe wakarudishwa mtoni. Je, samaki wale hawafi? Unyoya na udongo vina kazi gani? Na je, si kumdhulumu mama kumnyang'anya mayai yake kabla hajayataga mwenyewe?
Mama wa watoto wanne, Shella, Malindi

JIBU: Waalaykum salaam, dada yangu. Umeshuhudia jambo ambalo wengi wetu tumelisoma tu, na umelieleza kwa jicho la mtu aliyekuwa makini, kwa hiyo nitalijibu hatua kwa hatua.

Samaki uliyemwona huitwa wolai, na Waojibwe, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, humwita ogaa. Katika vitabu vya sayansi ameandikwa Sander vitreus. Asichanganywe na sangara wa Ziwa Victoria, ambaye ni wa jamii nyingine. Wolai anapendwa mno huko, na tangu mwaka 1965 ndiye samaki rasmi wa jimbo la Minnesota. Bila shaka uliliona jicho lake, ambalo lina ukungu kama la mzee mwenye mtoto wa jicho. Si ugonjwa. Nyuma ya jicho hilo mna utando unaorudisha nuru, sawa na ule ulio katika jicho la paka, na kwa sababu hiyo wolai huona vizuri usiku na katika maji yaliyochafuka, na hutaga zaidi gizani.

Msimu wake hauamuliwi na kalenda, unaamuliwa na joto la maji. Barafu ikishayeyuka na maji yakafikia kiasi cha nyuzi 6 hadi 10 za Selsiasi, madume hutangulia kupanda mtoni au kusogea kwenye fuo zenye mawe, nao majike hufuata. Jike mmoja huzungukwa na madume kadhaa katika maji mafupi, humwaga mayai juu ya changarawe, kisha huondoka. Hachimbi shimo, hajengi kiota, wala harudi kuyalinda. Mayai yana utelezi wa kunata na hujishika kwenye kokoto, na hapo yanabaki kukabiliana na mawimbi, baridi ya ghafla, samaki wengine wanaoyala, na zaidi ya yote tope. Wewe unayeishi Shella umeuona Mto Sabaki wakati wa masika, bahari yote ya Malindi inapogeuka rangi ya udongo. Basi fikiria yai dogo la milimita mbili likifunikwa na vumbi kama hilo, nalo linategemea maji safi yapite juu yake ili lipate hewa. Ndiyo maana katika hali ya asili ni sehemu ndogo tu ya mayai hayo inayofikia kuanguliwa, ijapokuwa jike wa kilo mbili anaweza kubeba zaidi ya mayai 100,000.

Hapa ndipo mkono wa mtu unapoingia. Wale watumishi huwanasa samaki wanaopanda kwa mtego uliowekwa njiani mwao, kwa akili ile ile ya uzio wa wavuvi wetu: samaki hukuta ukuta, hufuata ukuta, na ukuta humpeleka ndani ya chumba asichojua kutoka. Baada ya hapo hutenganishwa, madume upande wao na majike upande wao, na majike nao hukaguliwa nani ameiva na nani bado.

Nitakueleza hatua hiyo kwa yale niliyoyapitia mwenyewe. Nilipokuwa mwanafunzi wa uvuvi nilipelekwa Kiganjo, karibu na Nyeri, kwenye kituo cha kuzalisha samaki aina ya trauti, samaki mgeni aliyeletwa katika mito ya milimani kwetu mwaka 1905. Maji yalikuwa baridi hata vidole vikafa ganzi. Niliwekewa jike mkononi, kichwa juu na mkia chini, nikabana tumbo kwa nguvu kwa kuwa niliogopa kuonekana mvivu, na mkufunzi akaniondoa mkono papo hapo. Akanionyesha kwamba jike aliyeiva tumbo lake ni laini kama mfuko wa maji, na ukipitisha kidole gumba polepole kuelekea mkiani mayai hutiririka yenyewe. Asiyetoa kwa kuguswa kidogo hajaiva, naye hurudishwa zizini asubiri siku nyingine. Kanuni hiyo ndiyo inayofuatwa Mto Pike, na ndiyo jibu la swali lako la kwanza. Samaki wanaoshughulikiwa kwa upole hurudi majini wakiwa hai, na mwakani jike yule yule atakuwa na mayai mapya. Wachache hufa, hasa kwa kukaa sana ndani ya wavu au kushikwa vibaya, na ndiyo maana kazi hiyo hufanywa kwa haraka na kwa mikono iliyolowa, kwani mkono mkavu humwondolea samaki ule ute unaomkinga na maradhi.

Sasa unyoya. Mayai na manii ya dume huchanganywa kwanza katika beseni bila ya maji, au kwa maji machache mno, kwa sababu mbegu za dume hulala hadi zinapoguswa na maji. Zikishaamka huogelea kwa muda usiozidi dakika moja hivi, kisha nguvu zake zimekwisha. Yai nalo lina tundu moja dogo la kuipokea mbegu, na likishaanza kunywa maji huvimba na tundu likajifunga. Kwa hiyo lazima kila yai liwe limeshapakwa manii kabla maji hayajatiwa. Kijiko kingeyaponda, unyoya ni laini, hupita baina ya mayai bila kuyakwaruza na hufika hadi kwenye kingo za beseni. Ni chombo cha zamani, na kimebaki kwa sababu kinaifaa kazi. Mara nyingi hutumiwa manii ya dume zaidi ya mmoja kwa mayai ya jike mmoja, ili kizazi kisibebwe na baba mmoja peke yake, na pia kwa tahadhari, kwani huenda mmoja wao ni dhaifu.

Udongo ni kwa ajili ya ule mnato nilioutaja. Mtoni, mnato ndio unaoliokoa yai lisichukuliwe na mkondo, lakini ndani ya beseni mnato huo huo ni balaa, kwa kuwa mayai yangeshikana yakawa bonge moja, yale ya katikati yangekosa hewa yakafa, na kuvu ikaanzia hapo ikaenea kwa yote. Udongo mfinyanzi laini uliochanganywa na maji hulipaka kila yai ngozi nyembamba likaacha kunata. Trauti wa Kiganjo hawana shida hiyo, mayai yao hayanati, na nakumbuka niliposoma habari za wolai kwa mara ya kwanza nilidhani mwandishi amekosea.

Baada ya hapo mayai huoshwa, huachwa yavimbe na kukakamaa, na hupimwa kwa ujazo kwa sababu hakuna awezaye kuyahesabu. Lita moja hubeba zaidi ya 100,000. Kisha huwekwa katika mitungi mirefu ya kioo au plastiki ambayo maji huingilia chini na kutokea juu, na mayai hubaki yakizungukazunguka kama mchele kwenye maji yanayoanza kuchemka. Yaliyokufa hugeuka meupe, na kwa kuwa ni mepesi hupanda juu, na mfanyakazi huyafyonza kwa mpira. Kwa baridi ya huko huchukua takriban wiki tatu kuanguliwa, na katika mitungi hiyo mara nyingi zaidi ya nusu huanguliwa salama. Kifaranga huwa mwembamba kuliko sindano ya kushonea, ana macho mawili na kifuko cha kiini tumboni, na mkondo humbeba mwenyewe kutoka mtungini hadi kwenye tangi.

Ama kuhusu dhuluma, hukumu ya dini nawaachia masheikh. Ninaloweza kulisema ni kwamba sehemu ya vifaranga hao hurejeshwa katika maji yale yale yalikotolewa mayai, ili mto usidhulumiwe, na kwamba majike wengi hupita bila kuguswa.

Hata hivyo, dada yangu, nakuomba usibaki na picha ya beseni peke yake. Sehemu kubwa ya wolai wanaovuliwa Minnesota huzaliwa wenyewe juu ya changarawe, bila ya unyoya wala mtungi. Vifaranga wa vituoni hupelekwa hasa katika maziwa ambayo hayana mto wala mawe ya kutagia, na wengi wao huliwa kabla hawajafikisha urefu wa kidole. Tena siku ile uliyosimama ukingoni, uvuvi wa wolai ulikuwa umefungwa katika sehemu kubwa ya jimbo hilo, na hufunguliwa katikati ya Mei, samaki wakishamaliza kutaga. Jambo hilo halina cha kutazama, kwa hiyo hakuna anayewapeleka wanafunzi kulitazama, lakini ndilo lililonifanya nianze na barua yako kabla ya ile inayofuata.

SWALI: Mwalimu, salamu kutoka Pate. Sisi huku Kizingitini tunavua kamba mawe na pweza, na mara nyingine tewa na changu kwa mshipi. Kila mwaka tunakwenda mbali zaidi na kurudi na kidogo zaidi, na mafuta ya mashine yanamaliza faida. Kijana wangu amenionyesha kwenye simu jinsi Wamarekani wanavyowakamua samaki mayai na kumwaga vifaranga ziwani kwa mamilioni. Kwa nini tusiletewe mitambo hiyo hapa Lamu tukaijaza bahari upya?
Mvuvi, Kizingitini

JIBU: Mzee wangu, swali lako ni la haki, na mtu anayeamka alfajiri kwenda kutafuta riziki asiyoikuta hastahili kujibiwa kwa maneno ya juu juu. Niruhusu nianze na kisa cha huko huko Minnesota.

Kaskazini mwa jimbo hilo kuna maziwa mawili makubwa yaliyoungana, Red Lake ya juu na ya chini, ambayo sehemu kubwa yake iko katika ardhi ya Waojibwe wa Red Lake. Kwa miongo mingi maziwa hayo yaliwalisha wolai. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 samaki walikuwa wamevuliwa hadi wakawa hawana idadi ya kujizalisha. Mwaka 1997 wavuvi wa Waojibwe wenyewe waliamua kuacha uvuvi wa biashara. Mwaka 1999 kabila hilo, serikali ya jimbo na serikali kuu wakatia saini mkataba wa kuwafufua samaki, na uvuvi wa wolai ukasimamishwa kwa wote. Vifaranga waliotokana na mayai ya kukamuliwa wakamwagwa ziwani mwaka 1999, 2001 na 2003, wakiwa wametiwa alama ya dawa ndani ya mifupa yao ili ijulikane baadaye nani aliletwa na nani alizaliwa hapo. Uvuvi ukafunguliwa tena mwaka 2006. Ukimuuliza mtu leo ni nini kilichowarudisha wolai wa Red Lake, wengi watataja vifaranga, na vifaranga kweli walikuwa na kazi yao, lakini nyavu zililala kwa miaka kadhaa, na bila ya hilo wangekuwa chakula cha mwaka mmoja tu. Nalitaja hili kwanza kwa kuwa walioanza kuacha ni wavuvi, kabla serikali haijatia saini lolote.

Sasa tuje kwetu. Ziwa ni chombo kilichozungukwa na ukuta pande zote. Unachotia ndani kinabaki ndani. Bahari ya Lamu haina ukuta. Yai la tewa au changu halinati kwenye mawe, ni dogo kuliko milimita moja, linaelea, na kwa joto la maji yetu huanguliwa kwa muda wa siku moja hivi. Anayetoka ni kiumbe asiyeonekana vyema kwa macho, mdomo wake hauwezi kumeza chakula cha unga, anahitaji vijidudu hai vya majini, na hubebwa na mkondo kwa wiki kadhaa kabla hajarudi mwambani. Wakati wa kusi mkondo wetu huelekea kaskazini. Vifaranga utakaowamwaga Kizingitini asubuhi huenda wakaishia Somalia, na wengi hawatafika popote. Kuna tatizo jingine kwa tewa: aina nyingi zake huanza maisha zikiwa majike na hugeuka madume zikishakuwa kubwa. Ukivua wakubwa wote, umebaki na majike wasio na madume, na hakuna beseni linaloweza kutibu hilo. Katika nchi za Asia tewa huzalishwa kwenye matangi kwa dawa za homoni na gharama kubwa, na karibu wote ni wa kufugwa na kuuzwa.

Wapo samaki wa kwetu wanaokamuliwa, nao ni wa maji baridi ya bara. Kambare jike hudungwa homoni kisha hukamuliwa kama wolai, lakini dume lake halikamuliki, nalo hupasuliwa ili zitolewe korodani. Mayai yake huanguliwa baada ya siku moja au moja na nusu, kwa kuwa maji yetu ni ya joto. Yale ya wolai yanahitaji wiki tatu kwa sababu ya baridi. Huo ni ufugaji, na ni mzuri kwa mwenye bwawa, lakini haumrudishii mvuvi wa Pate mwamba wake.

Kamba ndiye ninayetaka kukaa naye kidogo, kwa sababu ndiye anayeilisha Kizingitini. Vifaranga vyake, vyenye umbo bapa kama jani na vinavyopenya nuru kama kioo, huelea katika bahari kuu kwa miezi mingi, na kuvilea ndani ya tangi ni miongoni mwa kazi ngumu kabisa za ufugaji wa baharini. Lakini mtambo unaouomba tayari mnao. Mgeuze kamba jike aliyebeba: utaona chini ya mkia mayai maelfu kwa maelfu yaliyoshikana kama kishada, yana rangi ya machungwa yakiwa machanga na hugeuka kahawia yanapokaribia kuanguliwa, naye huyapepea kwa vile viguu vidogo vya mkiani ili yapate hewa, kazi ile ile inayofanywa na maji ya mtungini kule Mto Pike. Hakuna idara inayomlipa mshahara. Najua wapo wapiga mbizi wanaoyakwangua mayai kwa kisu ili mnunuzi asiyaone, na nasema wazi kwamba huko ni kuharibu, kwa sababu kwa bei ya kamba mmoja unakuwa umeuchoma mtungi mzima. Arudishwe pale pale alipotolewa, mwambani, asitupwe kutoka juu ya mashua katikati ya kina kirefu.

Pweza ni hivyo hivyo. Jike hujifungia pangoni, huyaning'iniza mayai yake juu ya dari kama shanga, huyasafisha na kuyapulizia maji bila kula chochote hadi yaanguliwe, kisha hufa. Ukimchomoa kabla ya hapo, hakuna mwingine atakayeingia kuyalea. Kufungwa kwa maeneo ya pweza kwa miezi michache, jambo ambalo wenzenu wa Pate, wakiwamo wanawake wanaovua kwa miguu, wamekwisha kulifanya, linafanya kazi kwa sababu linampa pweza muda wa kukua, na pweza hukua upesi kuliko karibu kila kitu mnachovua.

Samaki wa mwamba nao wana mto wao, ingawa hauonekani. Wavuvi wa kusini, pande za Msambweni na Diani, wanajua kwamba tafi hukusanyika kwenye miamba maalumu wakati wa kaskazi, siku za mwezi mpevu, kwa ajili ya kutaga, na dema linalowekwa hapo siku hizo hujaa kwa usiku mmoja. Wazee wa Lamu wanayo miamba ya namna hiyo vichwani mwao, ya tafi na ya tewa, na ni nadra kuitaja mbele ya mgeni. Hapo ndipo pangefanana na Mto Pike. Mmarekani aliweka mtego mahali samaki wanapokusanyika, akachukua sehemu ya mayai na akawaachilia wenyewe. Sisi hatuwezi kuyachukua mayai, lakini tunaweza kuacha kuweka dema katika usiku ule mchache. Ningependa kamati yenu ya ufuo ikae na wazee hao, iandike miamba hiyo na siku zake za mwezi, na izifunge siku hizo tu, si mwaka mzima, kwani mvuvi anayeambiwa asivue mwaka mzima atavua usiku.

Na mikoko isisahauliwe. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko Lamu, na samaki wachanga wa aina nyingi hujificha baina ya mizizi yake hadi wanapopata nguvu ya kwenda mwambani. Wamarekani huchimba mabwawa ya kulelea vifaranga vyao kabla ya kuvipeleka ziwani; nyinyi bwawa hilo mmerithi, na kila boriti inayokatwa ovyo ni sehemu ya bwawa iliyobomolewa.

SWALI: Mwalimu, mimi ni mwanafunzi wa kidato cha pili hapa Gede. Tulipotembelea Watamu tulikatazwa kabisa kugusa mayai ya kasa, lakini tukaambiwa kwamba wahifadhi wenyewe huyafukua usiku na kuyahamisha. Kama mayai ya samaki yanaweza kukorogwa kwa unyoya, kwa nini ya kasa hayawezi hata kugeuzwa?
Mwanafunzi, Gede

JIBU: Mwanangu, umeuliza vizuri. Yai la samaki mara baada ya kurutubishwa ni kitu kinachozunguka ndani ya maji, nalo halina juu wala chini kwa maana ya kuathirika. Yai la kasa linapotagwa tayari limesharutubishwa ndani ya mama, na baada ya saa chache kijusi hujishika kwenye utando wa upande wa juu wa ganda. Ukiligeuza baada ya hapo, unakigeuzia kijusi kila kitu nacho hufa. Kuku huyageuza mayai yake kila siku, na hilo ndilo linalowapoteza watu wengi wanaodhani kila yai lina tabia moja.

Wahifadhi huhamisha kiota pale tu kasa alipotaga chini ya alama ya maji ya bamvua, mahali ambapo bahari ingekifunika. Hufanya hivyo usiku ule ule, mapema iwezekanavyo, yai moja moja na kwa upande lilivyolala, hadi kwenye shimo jipya lenye kina sawa na lile la mama. Kina kina maana yake. Joto la mchanga ndilo linaloamua kama atatoka dume au jike: mchanga ukiwa na zaidi ya nyuzi 29 hivi za Selsiasi hutoka majike zaidi, ukiwa baridi kidogo hutoka madume. Ukichimba shimo fupi juani, umeamua jambo ambalo hukukusudia kuliamua. Kwa sababu hiyo hiyo kivuli cha mivinje ya ufuoni si pambo tu, na ningependa wanaoikata ili wageni waione bahari wafikirie mara ya pili.

Kiota kimoja huwa na mayai 100 au zaidi, na huchukua takriban miezi miwili. Vifaranga hutoka usiku na huufuata mwanga ulio chini kabisa upeoni, ambao zamani ulikuwa wa bahari, na sasa mara nyingi ni taa za hoteli. Jike atakayeokoka atarudi kutaga katika fuo za eneo alikozaliwa baada ya miaka 20 au zaidi, kama wolai anavyopenda kuurudia mto wake, isipokuwa wolai hurudi baada ya miaka michache tu. Hii ndiyo sababu kosa juu ya kiota cha kasa hulipwa na kizazi kingine: wewe utakuwa mtu mzima mwenye watoto wakati pengo la kiota cha leo litakapoonekana ufuoni.

Ukikutana asubuhi na alama zinazofanana na za tairi la trekta, zimepanda kutoka majini na kurudi, usichimbe wala usichomeke kijiti kutafuta mayai. Pita pembeni bila kuzifuta zile nyayo, kwa kuwa zinamwonyesha mhifadhi aina ya kasa na mahali alipogeukia, mzuie mbwa asikaribie, na umwarifu mlinzi wa hifadhi ya bahari au watu wa kasa wa Watamu kabla maji hayajajaa.